Mafunzo ya sheria ya kuwalinda wazee na watu wazima wasiojiweza: namna ya kuyaendesha mtaani kwako hapa Mombasa

Mafunzo yangu ya kwanza yalikuwa aibu tupu, wacha niseme ukweli. Chumba cha madrasa Kisauni, projekta ya kuazima, slaidi arobaini na kitu, nikaanza na Katiba kifungu baada ya kifungu na sauti yangu ya kikortini. Saa nne u nusu stima ikapotea, feni zikasimama, watu wakaanza kujipepea na zile hendauti nilizochapisha kwa pesa zangu mwenyewe. Mama mmoja aliyekaa karibu na mlango akanyoosha mkono akasema, "Mwanangu, hicho kifungu cha 57 nimekielewa, hakina shida. Lakini jirani yangu hufungiwa chumbani na mkaza mwanawe tangu asubuhi mpaka magharibi. Nikitoka hapa leo nafanya nini?"

Nilibabaika. Sikuwa na jibu la kumpa la kufanya siku ile ile. Tangu hapo nimeyabadilisha haya mafunzo kutoka juu mpaka chini, na hapa naandika vile ninavyoyafanya sasa, kwa yeyote anayetaka kukalisha watu ishirini mtaani kwake awafundishe, uwe ni msaidizi wa sheria, mhudumu wa afya wa jamii, imamu, pasta au ni mtu tu aliyechoka kuona.

Kwanza jua unamzungumzia nani

Watu wakisikia "kulinda wasiojiweza" wanafikiria wazee basi. Katiba yetu, kifungu cha 260, inamhesabu mzee kuwa mtu aliyepita miaka 60, sawa, lakini umri peke yake si udhaifu. Kuna bibi wa miaka 80 na ushei anauza viazi karai na anakupa chenji kabla hujamaliza kuhesabu, huyo usimwendee na huruma yako atakufukuza. Na kuna kijana wa 27 aliyeanguka na boda akaumia kichwa, sasa hawezi kwenda chooni bila kushikwa, na anayemshika ndiye huyo huyo anayempiga.

Mimi natumia maswali matatu niliyoyatoa kwenye sheria ya Uingereza ya malezi ya mwaka 2014, ambayo haina nguvu yoyote hapa kwetu lakini hesabu yake ni nzuri: Je, mtu huyu anahitaji kuangaliwa na kusaidiwa? Je, ananyanyaswa au kutelekezwa, au yuko karibu kufanyiwa hivyo? Je, kule kuhitaji kwake msaada ndiko kunakomfanya ashindwe kujikinga? Ukipata ndiyo tatu, huyo ndiye wetu. Ukipata moja au mbili bado unaweza kumsaidia, ila usiingie kwa kishindo.

Waandikie watu maswali haya kwa kalamu nene kwenye karatasi kubwa ukutani, yakae hapo siku nzima. Karatasi haihitaji stima.

Uwaite kina nani, na lini

Kila mtu huwaita wazee wa mtaa na wa nyumba kumi, sawa waje, lakini usiwasahau wanaoona mambo bila kujijua. Ajenti wa M-Pesa anaona ni mkono gani unaopokea pesa za bibi kila mara. Dereva wa tuktuk anayempeleka mzee kliniki, anajua nani hulipa na nani hugomba. Dada wa kazi, huyu ndiye shahidi mkubwa kuliko wote na ndiye hakuna anayemwalika, manake matajiri wake hawatampa ruhusa, kwa hivyo mafunzo yake yafanye Jumapili jioni hata kama ni watu sita tu.

Usizidishe watu 25. Ijumaa usiguse. Ramadhani fanya asubuhi mapema au acha kabisa. Kama unao wa kutoka Likoni anza saa tatu na nusu si saa mbili, feri unaijua, na wengine watafika wamelowa jasho, waache wapumue. Mahamri na mbaazi na chai ya maziwa iwe tayari kabla hujafungua mdomo. Nauli toa mwisho, tena kwa bahasha, si kwa kuita majina kwa sauti kama mgao wa chakula cha msaada.

Zoezi la dole gumba

Hapa ndipo siku inapoanza kweli. Nunua kidau cha wino cha mia moja na kitu. Chapa karatasi moja iliyojaa Kiingereza kizito cha kiofisi, mistari ya kubana, na chini weka nafasi ya jina, namba ya kitambulisho na alama ya kidole. Watu wakimaliza chai, pita na karatasi hizo ukisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Jamani tuandikishe mahudhurio hapa, weka kidole basi, haraka haraka tuanze."

Watapiga. Mara ya mwisho walikuwa 22, waliopiga ni 19. Mmoja alisema hakuja na miwani, mmoja akasema atasoma kwanza, na mzee mmoja wa kofia akaniuliza, "Hii namba ya kitambulisho ni ya nini ikiwa ni mahudhurio?" Nikamwambia angoje.

Halafu nasimama katikati nasoma kile kilichoandikwa, kwa Kiswahili, polepole. Kwamba mimi fulani, mwenye akili timamu na bila kushurutishwa, nimemuuzia mwendesha mafunzo nyumba yangu na vyote vilivyomo kwa shilingi moja, na nimeshaipokea.

Kimya. Halafu kicheko, halafu kimya tena, na utawaona wanatazama vidole vyao vyenye wino wa buluu. Wape karatasi zao wazichane wenyewe, kila mtu yake, hakikisha hata moja haibaki. Huhitaji kueleza tena ni vipi bibi aliyeletewa "fomu ya hospitali" na mjukuu wake akajikuta hana nyumba.

Na hapa Mombasa jambo hili lina sura yake. Wazee wengi wa Majengo, Kisauni na mitaa mingine ya zamani wana nyumba bila ardhi, yaani kuta na makuti au mabati ni ya bibi, kiwanja ni cha mtu mwingine anayelipwa kodi ya ardhi. Nyumba kama hiyo huikuti kwenye rejista ya hatimiliki, ushahidi wa bibi ni risiti za kodi ya ardhi, makubaliano ya karatasi na majirani wanaojua. Kijana akizichukua zile risiti basi bibi yuko uchi kisheria. Waambie watu: risiti zipigwe kopi, kopi moja ikae kwa mtu wa pili anayeaminika, asiwe yule anayekusanya kodi za vyumba. Kwa mwenye hatimiliki ni afadhali, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inaruhusu hati iliyopatikana kwa ulaghai kupingwa kortini, na mtu mwenye maslahi anaweza kuomba kosheni iwekwe kwenye rejista ili ardhi isihamishwe kimya kimya kabla mambo hayajaangaliwa.

Sheria zenyewe, chache tu, lakini zijulikane

Usifundishe sheria kumi. Zangu ni hizi, na kila moja naifunga na kitendo.

Katiba kifungu cha 57 inasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima bila kunyanyaswa, na kupata malezi na msaada wa familia yake na wa Serikali. Familia imetajwa kwa jina, kwa hivyo yule anayesema "huyo mzee ni mzigo wa gavamenti" msomee. Kifungu cha 54 ni cha watu wenye ulemavu, na juu yake ipo sheria mpya ya watu wenye ulemavu ya 2025. Kifungu cha 29 kinakataza kumtesa mtu au kumfanyia ukatili, na hapo ndipo panapoingia wale wanaofungwa minyororo nyuma ya nyumba kwa sababu "ana mashetani". Kifungu cha 22 kinakuruhusu wewe kwenda kortini kwa niaba ya mtu asiyeweza kwenda mwenyewe. Hiki cha mwisho watu hawakijui kabisa, wanadhani lazima mwathiriwa mwenyewe abebwe mpaka kortini.

Ya pili ni Sheria ya Kinga dhidi ya Unyanyasaji wa Majumbani ya 2015, na hii ndiyo ya kuipa saa nzima. Wengi wanadhani ni ya mume na mke. Si kweli, inagusa mtoto na mzazi, ndugu kwa ndugu, jamaa, watu wanaoishi nyumba moja. Na unyanyasaji si kipigo tu, umo wa matusi na vitisho, kuharibu mali, na umo wa kiuchumi, yaani kumnyima mtu pesa au mali iliyo haki yake. Korti inaweza kutoa amri ya ulinzi, hata ya muda kabla kesi haijasikizwa, kumkataza mtu asimguse mzee, asimkaribie, hata atoke nyumbani. Na ikiwa mzee hawezi kuomba mwenyewe kwa ugonjwa au kwa hofu, mtu mwingine anaweza kumwombea. Ndilo jibu nililopaswa kumpa yule mama wa mlangoni siku ile.

Kanuni ya Adhabu inahesabu kuwa kosa kumnyima chakula, mavazi au makao mtu aliye chini ya uangalizi wako asiyeweza kujitoa. Sheria ya Makosa ya Kimapenzi ya 2006 inalinda kila mtu, na inaruhusu korti kumtangaza shahidi mwenye ulemavu wa akili kuwa shahidi anayehitaji ulinzi, aongee kupitia mtu wa kati wa kumsaidia kueleza, asikabiliwe na mawakili peke yake. Sheria ya Afya ya Akili, Sura ya 248, iliyofanyiwa marekebisho 2022, ndiyo inayoeleza mgonjwa anapokewaje hospitali na mali yake inasimamiwaje.

Basi. Mtu akiondoka na hizo tano amepata kitu.

Muulize mwenyewe, tena mkiwa wawili tu

Sehemu hii nagombana nayo na watu wangu wenyewe kila mara. Sisi tuna tabia ya kumheshimu mzee kwa shikamoo halafu tunaamua mambo yake juu ya kichwa chake kama hayuko. Mfundishe mtu wako kuuliza.

Namna ya kuuliza: enda wakati mlezi hayupo, au mwombe akuletee maji, au mtoe bibi nje barazani. Kaa chini kiasi chake, usimsimamie. Anza na habari za kawaida, mguu vipi, amelala vipi. Kisha maswali ya wazi. Usimwambie "Juma anakupiga, sivyo?" Mwambie "Bibi, hili jeraha lilikujaje?" Na "Ungependa nini kifanyike?" Halafu nyamaza. Wengi wetu hatuwezi kunyamaza hata nukta kumi, fanyeni zoezi la kunyamaza wawili wawili, watu watacheka lakini watajifunza.

Sasa, akisema hataki lolote lifanyike? Hapa sheria nyingine ya Uingereza, ya uwezo wa kuamua ya 2005, ina darasa zuri: mtu mzima uanze kwa kumdhania anaweza kuamua, na uamuzi wa kipumbavu si dalili ya kukosa akili. Wao huangalia mambo manne, je anaelewa anachoambiwa, anaweza kukikumbuka kwa muda wa kutosha, anaweza kupima faida na hasara, na anaweza kueleza uamuzi wake kwa njia yoyote hata kwa ishara. Mimi nayafundisha kama njia ya kufikiri, si kama sheria ya Kenya. Bibi akikuelewa vizuri na akasema anataka kuendelea kuishi na mwanawe mlevi, hiyo ni haki yake, kazi yako ni kuacha mlango wazi, kurudi wiki ijayo, kumwachia namba. Lakini kama kuna hatari ya kifo, au kuna mwingine ndani anayeumia, au anaongea huku akitazama mlango, hapo huwezi kukaa kimya kwa kisingizio cha heshima.

Saa za mwanzo

Nawapa kisa cha kubuni, Bi Time wa chumba cha nyuma, mkono umevimba, shuka lina mkojo, mjukuu anasema ameanguka. Makundi ya watu watano, dakika ishirini, nani anafanya nini kwa mpangilio gani. Kila kundi hukosea palepale, wanakimbilia kwa chifu kwanza.

Hospitali kwanza. Coast General kuna kituo cha waathiriwa wa ukatili wa kijinsia, na wa matatizo ya akili watu huwapeleka Port Reitz. Kama ni ubakaji, dawa za kuzuia HIV lazima zianze ndani ya saa 72, na usimwogeshe, najua ndilo jambo la kwanza mkono wako utakalotaka kufanya, usimwogeshe, nguo zake zitie kwenye mfuko wa karatasi si wa nailoni, zikitiwa nailoni zitavunda na ushahidi umekwenda.

Halafu polisi. Dai namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, iandike pale pale kaunta kwenye simu yako. Fomu ya P3, ile ya kuonyesha majeraha, ni bure, hujazwa na daktari, na ile ya huduma baada ya ubakaji ni tofauti, isikose. Kituo kimoja niliwahi kurudishwa mara mbili, ati "haya ni mambo ya familia mama, nendeni mkaelewane", mara ya tatu nikaenda na kifungu kimechapwa na mzee wa mtaa kando yangu, nikaandikiwa. Usiende peke yako. Uliza dawati la jinsia. Usiku piga 999 au 112, na namba ya bure ya ukatili wa kijinsia ni 1195.

Na andika. Daftari la shilingi hamsini linatosha: tarehe, saa, nilichokiona kwa macho, alichosema kwa maneno yake mwenyewe. Usiandike "bibi amedhulumiwa", andika "bibi amesema: Ali hunipa chai kavu tu toka juzi, kadi yangu anayo yeye". Korti inataka hilo la pili.

Picha, piga kwa ruhusa yake, usizitie kwenye grupu la WhatsApp la mtaa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakugusa hata wewe mwenye nia njema. Nimeona mzee picha yake ya uchi wa mgongo inazunguka Mombasa nzima kwa jina la kumtafutia msaada.

Pesa, hiba na karatasi za wakili

Inua Jamii, zile pesa za Serikali za wazee, ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliotimiza 70, na ndogo hivyo hivyo ndiyo inayoliwa zaidi. Angalia laini ya simu imesajiliwa kwa jina la nani, na nani anajua namba ya siri. Niliwahi kuona namba ya siri imeandikwa kwa kucha kwenye kava ya simu.

Hati ya uwakilishi, ile ya kumpa mtu mamlaka akufanyie mambo yako, watu wanadhani ni dawa ya kila kitu. Inafaa wakati mzee bado ana akili zake. Akili zikipotea nayo imekwisha nguvu, na mtoto anayeendelea kuitumia anavunja sheria hata kama ana roho safi. Hapo ni kwenda kortini chini ya Sheria ya Afya ya Akili, na ripoti ya daktari, ateuliwe msimamizi wa mali na mlezi, atakayetoa hesabu. Ni safari ndefu na ina gharama, ndiyo maana waanze mapema, na asiye na uwezo aulize msaada wa kisheria wa Serikali uliowekwa na sheria ya 2016, au mashirika kama Kituo cha Sheria, FIDA na MUHURI.

Kwa Waislamu kuna la hiba, yaani mali mtu anayompa mwenzake akiwa hai, na la wasia, mualike mtu wa elimu aje nusu saa. Yeye ataeleza kuwa wasia haupiti thuluthi, kuwa mrithi hausiwi bila ridhaa ya wenzake, na kuwa hiba haikamiliki mpaka kitu kikabidhiwe. "Bibi alinipa kwa mdomo nikiwa naye peke yangu" haitoshi. Mzozo wa mirathi wote wakiwa Waislamu na wakikubali unakwenda kwa Kadhi, lakini kipigo ni jinai, hakiendi kwa Kadhi wala hakimalizwi na baraza la familia kwa mbuzi na maneno matamu. Katiba kifungu cha 159 inapenda usuluhishi, ndiyo, ila si usuluhishi unaokanyaga haki za mtu.

Na kama msikizaji wako ana asili ya Kilifi usipite bila kugusa wazee wanaoitwa wachawi. Mara nyingi chini ya uchawi kuna shamba. Neno likianza kunong'onwa, hapo ndipo pa kuripoti.

Baada ya wiki sita

Waite tena, saa mbili tu, chai bila mahamri wakizidi kukuchelewesha. Usiwaulize wamekumbuka nini, waulize wamefanya nini na wapi wamekwama.

Mara ya mwisho alisimama kijana ajenti wa M-Pesa. Kuna bibi, kila mwisho wa mwezi huja na mjukuu, pesa zikitoka mjukuu anachukua zote anaondoka. Alikuwa tayari kumpigia mzee wa mtaa. Akakumbuka lile zoezi la kunyamaza, siku hiyo mjukuu alipotoka kununua kredo duka la pili, akamuuliza bibi, "Bibi, hizi pesa ungependa zifanye nini?" Bibi akamtazama kama mwendawazimu. "Si namlipia chuo. Kwani wewe ulilipiwa na nani?"

Yule mama wa mlangoni naye alikuwepo. Jirani yake alishatolewa kile chumba, kwa amri ya korti. Hilo hakulisema kwenye kikao, alinieleza kwenye ngazi tukitoka, na kisha akaniomba kile kidau cha wino, anataka kulifanya lile zoezi kwenye chama chao cha akina mama Bombolulu.